Filamu za sayansi zipelekwe maktaba

Mhariri,

Mwanafunzi anaweza kukariri hatua zote za kugawanyika kwa seli bila kuiona hata moja, maana shule nyingi hazina hadubini za kutosha. Filamu fupi huziba sehemu ya pengo hilo. Powers of Ten, filamu ya Charles na Ray Eames ya mwaka 1977, haifiki dakika kumi, lakini humchukua mtazamaji kutoka kwenye mandari ya watu wawili mjini Chicago hadi kwenye magalaksi ya mbali, kisha humrudisha na kumzamisha ndani ya atomu. Kwa chaki na ubao, hilo haliwezekani.

Mahali pa filamu kama hizo ni maktaba za umma, kuanzia Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, hadi za mikoani, ambako mtoto huingia bila kuwazia mtihani. Wapo watakaosema televisheni inatosha, na kweli kipindi cha Ubongo Kids kimekuwa kikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili tangu 2014. Ila televisheni haisimami mtoto anapouliza swali. Hofu kwamba filamu zitaua usomaji ina uzito zaidi, nayo itatimia iwapo mkutubi atawasha mashine na kwenda zake. Filamu iwe fupi, na vitabu vya mada hiyohiyo viwe tayari mezani taa zikiwashwa. Gharama ni projekta, spika na filamu zilizopakuliwa mapema. Intaneti si lazima. Kigumu zaidi ni lugha, kwa kuwa filamu nyingi ni za Kiingereza, na hapo ndipo Bodi ya Huduma za Maktaba ingeanza kutenga fedha.

Msomaji wako,
Dar es Salaam