Amri ya Saba na Kufuli la Gemu

Mbagala, Tandika, Tandale, Mwananyamala: katika mitaa hii ya Temeke na Kinondoni ni vigumu kukosa kibanda cha gemu. Vijana hulipia dakika chache, hushika pedi na kushindana mpira mbele ya runinga. Kwa mwenye kibanda, hiyo ni riziki ya familia. Wazazi hulalamikia muda na masomo, na wana haki ya kulalamika. Lakini lipo swali jingine la kimaadili ambalo ni nadra kusikika katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: gemu hizo zimepatikana kwa njia ipi? Si siri kwamba nakala zisizo na kibali ni jambo la kawaida katika biashara hii.

Watengenezaji walilitazamia hilo mapema. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1994, ilitafuta katika kila diski alama iliyowekwa kiwandani, ambayo mashine ya kawaida ya kunakili CD haiwezi kuiandika. Bila alama hiyo, gemu haikufunguka. Mafundi wakabuni chipu ya kuidanganya mashine kwamba alama ipo. Tangu hapo kampuni hutengeneza kufuli, na fundi hutafuta ufunguo.

Hapa Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, huzilinda programu za kompyuta pamoja na vitabu na maandishi mengine. Hata hivyo, kwa Mkristo suala haliishii kwenye sheria ya nchi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki hufundisha kwamba Amri ya Saba hukataza kutwaa au kushikilia isivyo haki mali ya jirani. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake wa Centesimus Annus wa mwaka 1991, alionesha kwamba siku hizi ujuzi na teknolojia ni aina ya umiliki yenye uzito usiopungua ule wa ardhi.

Wapo watakaosema: kampuni ni tajiri na iko mbali, haitaumia. Utetezi huo hausimami, kwa maana utajiri wa mwenye mali haufuti haki yake. Tena mkono uliozoea kunakili hauchagui wa kumwibia. Flashi ileile inayobeba gemu ya kigeni hubeba filamu ya msanii wa Kinondoni na nyimbo za kwaya zetu. Wanakwaya huchanga nauli, hulipia studio, kisha albamu yao husambazwa bure na waamini walewale wanaowapigia makofi kanisani. Anayeona uchungu kwa ajili ya kwaya yake ameshaelewa haki ya mtunga gemu.

Je, basi, kila kufuli ni la haki? Hapana. Mwaka 2014 kampuni ya Ubisoft ilitoa gemu ya magari iitwayo The Crew, ambayo haikuchezeka bila kuunganishwa na seva za kampuni. Tarehe 31 Machi 2024 seva hizo zilizimwa, na hata aliyenunua diski kwa fedha yake akabaki na kipande cha plastiki. Mwaka huohuo jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuwadai wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mteja waziwazi pale anapopewa leseni tu, si umiliki. Biashara inayoandika “nunua” huku ikimaanisha “azima hadi tutakapoamua” inajeruhi ukweli, na mikataba huhitaji nia njema ya pande zote mbili. Papa Benedikto XVI, katika Caritas in Veritate ya mwaka 2009, alizionya nchi tajiri juu ya kulinda hakimiliki za ujuzi kwa ukali uliopita kiasi, hasa katika afya. Gemu si dawa, wala hakuna anayekufa kwa kuikosa; lakini msingi ni uleule: umiliki binafsi ni halali, nao una wajibu kwa mafao ya wengi.

Kwa hiyo dhamiri itofautishe matendo. Anayejiwekea nakala ya akiba ya diski aliyoinunua, ili mikwaruzo isimpotezee mali yake, hamnyang’anyi mtu kitu. Anayenakili na kuuza mamia ya nakala anavuna asipopanda, na toba yake yadai pia fidia kadiri inavyowezekana. Mtoto anayecheza kibandani hana hatia ya namna hiyo, anahitaji kufundishwa. Dhuluma ya kampuni nayo hudaiwa kwa sheria na kwa kugoma kununua. Haimpi muuzaji wa nakala kibali cha kujitajirisha.

Ipo pia njia isiyohitaji kuvunja kufuli. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa KiLinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, ambayo kila mtu aliruhusiwa kuitumia na kuigawa. Leo LibreOffice hufanya kazi hiyo bila malipo, na SuperTuxKart ni gemu ya mashindano ya magari ambayo kijana mwenye kompyuta anaweza kuinakili na kumpa rafiki kihalali.

Tuanzie nyumbani kwetu. Halmashauri ya parokia ikague kompyuta za ofisi na za shule zake: programu zilizomo zina leseni, au ziliingizwa na fundi kwa njia ya mkato? Palipo na mkato, ilipie leseni au ihamie kwenye programu huria. Kisha tununue albamu ya kwaya badala ya kuiomba kwenye flashi. Hapo ndipo tutakapoweza kuzungumza na mwenye kibanda kuhusu Amri ya Saba bila kuinamisha macho.