Kikulacho Ki Nguoni mwa Mfalme



Kila tarehe 12 Desemba Rais wa Jamhuri ya Kenya huteremka jukwaani akakagua gwaride la heshima. Askari husimama wima, koti jekundu, viatu viking'aa, bendera ya kikosi ikipitishwa polepole mbele yao na bendi ikivuma. Watu hushangilia, na si vibaya kushangilia. Lakini sisi tuliosomea sheria tuna swali ambalo nderemo haziwezi kulifunika. Askari yule ni wa nani? Ni wa mtu aliyesimama mbele yake, au ni wa Jamhuri iliyomvisha koti lile?

Jirani zetu wa Ethiopia walilijibu vibaya swali hili, na jibu lao liliandikwa kwa damu. Wahenga walisema, mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Basi na tutie maji.

Walinzi wa mfalme wa Ethiopia waliitwa Kebur Zabangna, yaani walinzi wa heshima. Aliyewaunda kwa mtindo wa kisasa mwaka 1917 ni Ras Tafari, wakati huo akiwa bado msimamizi wa ufalme. Na hapa Wakenya tusijidai kwamba habari hii ni ya mbali, kwa kuwa miongoni mwa askari wale wa kwanza walikuwamo Wahabeshi waliofunzwa kazi ya bunduki chini ya Waingereza katika nchi hii yetu. Wengine walikuwa wamewatumikia Waitaliano huko Tripoli. Ras Tafari alipotawazwa mwaka 1930 kwa jina la Haile Selassie, aliwaleta maofisa wa Kibelgiji wakinoe kikosi chake. Katika nchi ambayo majeshi yake mengi yalikuwa ya makabaila wa majimboni, hiki kilikuwa cha Mfalme mwenyewe.

Tusiwanyime haki yao. Tarehe 31 Machi 1936, huko Maychew, walinzi hawa waliwakabili Waitaliano waliokuwa na ndege, mizinga na sumu, wakaangamia kwa wingi. Kuanzia mwaka 1951 vikosi vya Kagnew, vilivyotokana na walinzi hao hao, vilipigana Korea chini ya Umoja wa Mataifa. Na mwezi Septemba 1960, katika mji wa Rome, mmoja wao aliyeitwa Abebe Bikila alikimbia marathoni peku na kuwapita wote. Dunia nzima ilimpigia makofi askari wa ikulu ya Addis Ababa.

Miezi mitatu baadaye, walinzi hao hao walimpindua bwana wao.

Ilikuwaje? Wapo wanaosema ni utovu wa shukrani. La hasha! Sababu imo katika sheria, na tuliosomea sheria hatuna budi kuitaja. Katiba ya Ethiopia ya mwaka 1955 ilitamka kwamba nafsi ya Mfalme ni takatifu na kwamba mamlaka yake hayapingiki. Bunge lilikuwapo, na mwaka 1957 wananchi walichagua wajumbe wa baraza la chini. Lakini nchi ile haikuwa na chama cha siasa hata kimoja. Mwananchi aliyechoshwa na unyang'anyi wa ardhi hakuwa na chama cha kumsemea, wala sanduku la kura la kumwondolea mtawala. Uwanja wa siasa ulifungwa kufuli, ukabaki mlango mmoja tu ulio wazi, nao ulikuwa mlango wa kambi.

Twasema waziwazi: pasipo vyama, walinzi ndio huwa chama. Anayewazuia wananchi wasikutane mkutanoni huwaachia wenye bunduki wakutane gizani.

Usiku wa tarehe 13 Desemba 1960, Mfalme akiwa ziarani Brazil, kamanda wa walinzi, Jenerali Mengistu Neway, pamoja na nduguye Germame aliyekuwa msomi, waliikamata Addis Ababa. Mawaziri na wakuu wa ufalme walitiwa mbaroni. Kesho yake Mwana Mfalme alisikika redioni akisoma tangazo la serikali mpya na kuahidi maendeleo kwa maskini. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuunga mkono. Nasi hatuwalaumu wanafunzi wale, maana mwenye kiu hauliziki maji ni ya mto gani.

Lakini tazama kilichofuata. Jeshi la nchi kavu, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likiwaonea kijicho walinzi kwa mafunzo na mapato yao bora, lilikataa kuwatii. Mkuu wa Kanisa akawalaani waasi. Mizinga ikanguruma mjini. Askari wengi wa chini katika kikosi cha walinzi hawakuwa wameambiwa ukweli, na walidhani wanampigania Mfalme yule yule ambaye makamanda wao walikuwa wanamwangusha. Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji. Aliyefunzwa kumtii mtu badala ya sheria humtii yeyote anayedai kusema kwa niaba ya mtu huyo. Hana kipimo kingine.

Waasi walipoona wameshindwa, waliwamiminia risasi mateka wao ndani ya jumba la Genete Leul. Watu 15 walikufa humo, wote bila silaha. Alikuwamo Ras Abebe Aregai, shujaa aliyepigana msituni miaka yote Waitaliano walipoitawala nchi. Alikuwamo pia Jenerali Mulugeta Bulli, aliyewahi kuwa kamanda wa walinzi hao hao. Kikosi kilimuua baba yake. Mfalme alirudi tarehe 17 Desemba. Germame alikufa alipozingirwa, na Jenerali Mengistu akanyongwa hadharani mwezi Machi 1961.

Hatumtetei Mfalme hapa, wala hatumsifu mlinzi. Mmoja alifunga milango yote ya haki, na mwingine akavunja mlango kwa bunduki, kisha akawaua waliokuwa ndani. Wananchi hawakuulizwa na yeyote kati yao.

Je, Mfalme alijifunza? Mwaka 1961 alilitoa jumba lile la mauaji likawa chuo kikuu, na hilo ni jema. Lakini vyama hakuviruhusu. Wanafunzi walipoandamana mwaka 1965 wakidai ardhi iwe ya mkulima anayeilima, hawakupewa sikio. Jeshi lililomwokoa ndilo lililosikilizwa, kwa kuwa lilidai nyongeza ya mshahara na likapewa. Hivyo jeshi likajua bei yake. Mwezi Januari 1974 askari wa Negele waligoma kwa sababu ya chakula kibovu na ukosefu wa maji, na uasi ukaenea kambi hadi kambi. Wajumbe wa kamati ya askari, iliyokuja kuitwa Derg, walitoka katika majeshi yote, walinzi wa Mfalme wakiwamo. Tarehe 12 Septemba 1974 mzee wa miaka 82 alitolewa ikuluni akapakiwa katika gari dogo la Volkswagen. Walinzi wa heshima hawakusimama mlangoni kumkinga.

Na waliodhani ukombozi umefika waliona mwezi Novemba mwaka huo watu wapatao 60 wakiuawa usiku mmoja bila kesi. Mengistu mwingine, Mengistu Haile Mariam, alitawala kwa bunduki hadi mwezi Mei 1991.

Atatokea mtu aseme kwamba hayo ni mambo ya wafalme na yamepita. Hayajapita! Huko Gabon familia moja ilitawala tangu mwaka 1967. Tarehe 30 Agosti 2023, mara tu matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa kumpa Ali Bongo kipindi kingine, alipinduliwa, na aliyeshika hatamu ni Brice Oligui Nguema, kamanda wa Walinzi wa Jamhuri waliokuwa wakimlinda. Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 26 Julai 2023, Rais Mohamed Bazoum wa Niger alifungiwa nyumbani mwake na walinzi wake chini ya Jenerali Abdourahamane Tchiani. Mfano wa Niger una uchungu zaidi, kwa kuwa Bazoum alichaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi. Hapo twajifunza neno la pili: vyama na kura havitoshi ikiwa mwenye bunduki anabaki mali ya ikulu. Kura humweka kiongozi, lakini mlinzi asiye chini ya sheria huweza kumwondoa kabla ya kifungua kinywa.

Turudi nyumbani. Katiba yetu ya mwaka 2010 imelijibu swali letu. Ibara ya 239 yasema vyombo vya usalama visiegemee upande wowote wa siasa, na kwamba viko chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara hiyo hiyo yamkataza mtu yeyote kuunda kikosi cha kijeshi nje ya Katiba na sheria. Ibara ya 241 yasema majeshi yakipelekwa kurudisha amani mahali penye vurugu ndani ya Kenya, sharti Bunge la Taifa liidhinishe. Hayo ni maneno mazuri. Lakini tarehe 25 Juni 2024, vijana walipouawa karibu na Bunge, tangazo la kuwaita wanajeshi lilitoka siku hiyo, na idhini ya wabunge ikaja kesho yake. Sheria ilifuata nyuma ya buti, na mahali pake ni mbele.

Watatuambia kwamba Rais sharti alindwe. Naam, alindwe! Sisi hatumtakii mtu yeyote risasi. Twataka alindwe kama tunavyolinda mali ya umma, kwa sheria iliyo wazi. Kila kikosi kinachosimama karibu na Rais kitajwe katika sheria ya Bunge. Fedha zake zipite mbele ya wawakilishi wa wananchi. Makamanda wake wasichaguliwe kwa ukoo wala kwa kabila. Askari wake anayemdhuru raia ashtakiwe mahakamani kama mwananchi mwingine. Na pale sheria hiyo ilipo, ifuatwe. Hilo si tusi kwa Rais. Ndiyo ngao pekee isiyoweza kugeuzwa ikamchoma aliyeishika.

Mfalme Haile Selassie alifariki tarehe 27 Agosti 1975 akiwa mfungwa. Mifupa yake ilifukuliwa katika uwanja wa ikulu mwaka 1992, ikazikwa kwa heshima mwaka 2000. Kwa zaidi ya miaka 40 alijizungushia watu wenye viatu vinavyong'aa, akawanyima wananchi chama, kura na sauti. Siku ya haja wananchi hawakuwa na chombo cha kumwondoa kwa amani, naye hakuwa na mtu wa kumkinga.

Basi, wananchi wenzetu, tarehe 12 Desemba ijapo, lishangilieni gwaride. Wale ni wana wetu, na koti lile tumelinunua sisi. Ila mkishamaliza kushangilia, muulizeni mbunge wenu swali lile: askari yule ni wa nani?