Mguu kwa Mguu, Glasi kwa Glasi: Prague ya Wawili

Mwezi huu tunavuka bahari. Kama wewe na mwenzio mna safari ya Ulaya, iwe ya fungate, ya kozi au ya kusalimia ndugu, na mkabahatika kupata siku moja Prague, mji mkuu wa Jamhuri ya Czech, msiimalizie madukani. Vaeni raba, mkatembelee baa za kizamani.

Najua dada fulani hapo ameshanuna. Kwenye ndoa nyingi za kwetu baa ni kama mke mwenza: ndiko mzee anakopotelea Ijumaa jioni. Ndiyo maana nasema nendeni wote wawili.

Bia yenyewe imetoka wapi?

Lile neno pilsner mnaloliona kwenye lebo za chupa hata huku kwetu limetokana na jina la mji wa huko, Plzeň. Mwaka 1838 wenyeji walichoshwa na bia mbovu, wakayatoa mapipa 36 na kuyamwaga hadharani. Wakajenga kiwanda kipya na kumwita fundi kutoka Bavaria, Josef Groll. Tarehe 5 Oktoba 1842 akapika bia kwa maji laini ya mji ule, kimea cheupe, hopsi za Žatec na hamira inayofanya kazi taratibu kwenye ubaridi wa pishi. Ikatoka ya dhahabu na angavu, wakati bia nyingi za siku hizo zilikuwa nyeusi. Laga nyingi zinazonywewa duniani leo ni wajukuu wa ile.

Njia yenyewe

Anzieni juu, karibu na ikulu, mtaa wa Hradčany. Hapo pana U Černého vola, baa ndogo yenye meza ndefu za mbao ambako mgeni hukaa bega kwa bega na mwenyeji. Kunyweni moja tu, kisha mteremke mtaa wa Nerudova hadi Daraja la Charles, lililoanza kujengwa mwaka 1357. Shikaneni mikono, simu zikae mfukoni. Huo mteremko ndio uhondo wenyewe, maana wapenzi wengi siku hizi wanalala kitanda kimoja lakini wanaongea kwa meseji.

Ng'ambo ya mto, mtaa wa Husova, ipo U Zlatého tygra. Mwandishi Bohumil Hrabal alikuwa na meza yake humo, na mwaka 1994 Rais Václav Havel alimleta Bill Clinton kunywa naye. Mkikuta meza imewekwa akiba ya wateja wa kila siku, msilazimishe.

Malizieni U Fleků, inayojihesabia miaka tangu 1499. Humo hupikwa laga nyeusi, tamu kwa mbali kama mkate uliobanikwa. Kama mna njaa, agizeni guláš, mchuzi mzito wa nyama.

Adabu za mezani

Mhudumu akiweka kikaratasi mezani, kitunzeni. Kila glasi inapokuja anachora mstari, kama sisi tunavyohesabu vizibo. Baa nyingine hukuletea glasi mpya bila kuuliza. Ukitosheka, funika glasi yako kwa kile kibao cha karatasi cha kuwekea glasi. Mkigonganisha glasi semeni “Na zdraví”, na mtazamane machoni. Wachumba, hapo sina la kuongeza!

Msishangae povu kuwa nene. Kwao povu hulinda bia, na mtu wa bombani anaheshimika kama fundi. Namba 10 au 12 kwenye orodha pia zisiwatishe: zinapima sukari ya kimea kabla ya kuchachuka, si kilevi. Ya 12 huwa na kilevi cha kama asilimia 5.

Kama mmoja wenu hanywi

Hakuna shida. Agiza Kofola, soda yao iliyobuniwa mwaka 1960, au bia isiyo na kilevi. Tangu 2017 sigara imepigwa marufuku ndani ya baa, kwa hiyo hata mjamzito hatofukizwa moshi.

Lakini kaka, glasi tatu zinatosha. Wacheki wamekuwa wakiongoza duniani kwa unywaji wa bia kwa kila mtu. Mwaka 2023 ilikuwa lita 128. Hiyo si rekodi ya kuiga. Wenyewe wamechoshwa na wageni wanaokuja kulewa kwa makundi, hadi mwaka 2024 jiji la Prague likapiga marufuku misafara ya baa ya kuongozwa kuanzia saa nne usiku. Na kwa dereva, sheria yao hairuhusu kilevi hata tone. Mkichoka, pandeni tramu.

Kinachonigusa kwenye baa hizi ni kwamba mtu hukaa na glasi moja, akaongea hadi mwisho. Nyumbani wengi wetu hatumpi mwenzetu hata nusu saa ya namna hiyo. Nauli ya Prague ikikosekana, chagueni jioni moja mwezi huu, mtembee pamoja hadi mahali pa kukaa, kila mtu na kinywaji chake, halafu muulizane: “Hivi wewe unaendeleaje?” Msikilize jibu lote.

Tukutane mwezi ujao!