Kisima Kutiwa Dawa Si Mwisho wa Kazi

Mafuriko ya Mto Mkondoa yalipoikumba Kilosa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, maelfu ya watu walikosa makazi. Kila masika hofu ni ile ile: maji yanayotiririka hubeba uchafu wa vyoo hadi kwenye visima vifupi vya majumbani.

Mara nyingi klorini humiminwa kisimani, kisha wenyeji hutangaziwa kuwa maji ni salama. Tangazo hilo ni la haraka mno. Klorini husafisha maji yaliyomo siku hiyo. Maji mapya yanayochuruzika kutoka ardhini huizimua, na ndoo yenye tope ikizamishwa kesho yake, vimelea hurejea. Baada ya mafuriko kisima kitiwe dawa, naam, lakini kinga ya kila siku imo mtungini.

Mwenye kisima, awe Kilosa au Mikumi, ayaache maji yatuame, ayachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, ndipo atie klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kungoja dakika 30. Tope huimaliza dawa kabla haijaua vijidudu. Kwa anayeishi na Virusi vya UKIMWI, kuchemsha ni bora zaidi, kwani kimelea kiitwacho kriptosporidiamu huistahimili klorini. Mkaa ni ghali, ni kweli. Basi maji yake yatangulie jikoni.

Mhudumu wa afya anayetembelea kaya asiulize dawa tu. Aitazame kata inatundikwa wapi, na ni mikono ya nani inayoingia mtungini.