Mapazia ya mbao ya Harewood

Niliweka video ya Harewood House, ile nyumba kubwa ya Yorkshire kule Uingereza, nikasema tu kwamba ilijengwa na pesa ya utumwa. Maoni yakajaa. “Usilete siasa kwa usanifu.” “Wewe uliacha chuo, unajua nini kuhusu majengo?” Sawa, niliacha. Lakini kusoma risiti bado najua.

Ujenzi ulianza 1759, familia ikahamia 1771. Michoro ni ya John Carr, vyumba vikapambwa na Robert Adam, samani za Thomas Chippendale, bustani na ziwa ni kazi ya Capability Brown. Hayo majina manne wapenda majengo wanayakariri kama sala. Sasa waulize nani alilipa. Kimya.

Alilipa Edwin Lascelles, mzaliwa wa Barbados. Utajiri wa familia ulitoka kwa sukari, biashara ya watumwa na kukopesha wenye mashamba kule Karibi. Utumwa ulipofutwa miaka ya 1830, serikali ya Uingereza ilimlipa mrithi wake, Earl wa Harewood, zaidi ya pauni 26,000 kama fidia ya “kupoteza” watu 1,277. Hao watu wenyewe hawakupewa hata peni. Hiyo ndiyo mnaita siasa?

Mnasema niangalie uzuri peke yake. Nimeangalia bana. Kwenye ukumbi mrefu wa picha, juu ya madirisha, kuna mapazia ambayo ukiyaona utaapa ni kitambaa. Ni mbao! Yalichongwa kwa karakana ya Chippendale, yakapakwa rangi. Nilirudia hiyo picha mara kumi. Ni kazi safi, siwezi kudanganya.

Lakini nyumba nzima inafanya hivyo hivyo. Nguzo, dari za plasta, mabawa mawili yanayolingana, vyote vilikuwa na kazi moja: kumfanya mtoto wa mfanyabiashara wa sukari aonekane bwana wa tangu jadi. Cheo chenyewe cha Baroni alikipata 1790, karibu miaka 20 baada ya kuhamia. Yaani nyumba ilitangulia, heshima ikafuata. Sasa utaielezaje hiyo nyumba bila kutaja pesa?

Na cha ajabu, familia ya Lascelles leo inakubali hii historia waziwazi, wageni wanaelezwa hapo hapo nyumbani. Nyinyi mnaitetea kuliko wenyewe.

Video sifuti. Inayofuata ni ya jikoni, kule chini ambako wageni wa enzi hizo hawakupelekwa.