Sombe Si Kosa

Katika kupitia insha za wanafunzi, mwenzetu mmoja alipiga mstari mwekundu chini ya maneno matatu: sombe, lengalenga na ndagala. Pembeni akaandika: kisamvu, mchicha, dagaa. Alama tatu zikakatwa. Mwandishi wa insha hiyo amelelewa Dzaleka, nchini Malawi, naye alikuwa akieleza jinsi mama yake ahangaikavyo kutafuta vyakula vya kwao. Hatukubaliani na kalamu ile.

Dzaleka iko wilayani Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe. Zama za Kamuzu Banda palikuwa gereza. Tangu 1994 pamekuwa makao ya wakimbizi, ambao sasa wamepita 50,000, wengi wao Wakongomani, kisha Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha sokoni. Mama huyo akitaka sombe ataulizia sombe, kwa kuwa ndilo neno aliloachiwa na mama yake. Kwa muuzaji Mmalawi itambidi aseme chigwada. Lengalenga itageuka bonongwe. Na badala ya ndagala wa Ziwa Tanganyika atapewa usipa wa Ziwa Malawi, samaki amfananaye lakini, kwa ulimi uliozoea, si yeye. Mawese ndiyo yenye kazi zaidi, na ayapatapo hupika kwa kuyapimia kijiko.

Wala asidhani mtu kwamba udugu wa lugha za Kibantu humwokoa mgeni. Aulizaye mchele katika soko la Lilongwe huenda akaoneshwa chumvi, kwani kwa Kichewa mchere ni chumvi, na mchele wetu wao huuita mpunga. Akitaja mbatata kwa maana ya Unguja, atapimiwa viazi vitamu. (Walimu wanaolalamika kwamba somo la "Sokoni" limechakaa, hawajatoka darasani.) Isitoshe, sera ya Malawi humtaka mkimbizi akae kambini, na mwaka 2023 Serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warejee Dzaleka. Kwa hiyo kwenda mjini kutafuta kibaba cha unga wa muhogo si matembezi ya kujifurahisha. Mtu aliyekwisha kupoteza nyumba, shamba na makaburi ya wazee wake, chakula cha kwao na jina lake ni katika machache aliyoweza kuondoka nayo. Nasi tumnyang'anye jina?

Mwenzetu atajibu kwamba usanifu ni usanifu. Sisi nasi twaufundisha, na hatuna nia ya kuubomoa. Lakini tukumbuke ulivyojengwa. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ya Tanganyika, Unguja, Kenya na Uganda. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Neno sombe halikupimwa likaonekana pungufu: halikufikishwa kwa wapimaji. Biriani na chapati zimevuka bahari, zikapokewa kwa mikono miwili, wala hatujaona mwalimu akizipigia mstari. Iweje mboga iliyovuka Ziwa Tanganyika tu ionekane ngeni?

Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitenga siku hiyo mwaka 2021, twasimama majukwaani tukijivuna kwamba Kiswahili kimeenea hata Kongo. Kesho yake twaingia darasani na kumwambia mtoto wa Kongo kwamba alichokula jana hakimo katika Kiswahili. Haya ni majivuno ya kuhesabu watu huku tukiyakataa maneno yao.

Tunachotaka ni kidogo. Mwanafunzi afundishwe kisamvu, na darasa zima lifundishwe sombe. Watunzi wa kamusi waliandike neno hilo pamoja na eneo lake, kama wanavyofanya kwa maneno ya Lamu na Pemba. Mtihani umpime mtoto kama anajua kusimulia, na huyu alijua: aya yake juu ya mama kunusa chupa ya mawese kabla ya kulipa ilitufanya tuisome mara mbili.

Insha tumeirudisha kwa mwenzetu, na alama tatu tumeziandika upya kwa wino wa buluu. Jibu lake tunalingoja.