Kabla ya Tramu, Tuonyesheni Mkataba



Kuna picha inazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Tramu nyeupe, ile treni ndogo ya umeme inayopita juu ya reli zilizolazwa barabarani, inateleza mbele ya soko la Darajani. Barabara safi, hakuna foleni, hakuna hata gari moja la Bububu linalogombania abiria. Chini yake wameandika kwamba hii ndiyo Zanzibar tunayoitaka. Na nimewaona wenzetu, tena wa chama chetu, wanaisambaza kwa furaha na kuuliza: kwani sisi tumekosa nini?

Mie naisema wazi. Tumekosa mengi, na tramu haimo hata katika kumi ya mwanzo. Na ninayeandika haya ni Mpemba wa Wete, kwa hiyo najua jibu la haraka litakalokuja: "Nyie wa Pemba mna wivu, kila kinachojengwa Unguja mnakipinga." Basi naomba msome mpaka mwisho, halafu mnijibu kwa hoja.

Kwanza tuelewane kwamba reli Zanzibar si jambo geni. Mwaka 1879 Sayyid Barghash alijenga reli kutoka kasri yake ya mjini mpaka Chukwani. Mabehewa yalivutwa na nyumbu, na mwaka 1881 ikaagizwa injini kutoka Uingereza. Barghash alipofariki mwaka 1888, reli nayo ikafa, ikang'olewa. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ikajenga reli nyingine, maili saba, kutoka mjini mpaka Bububu. Hiyo nayo serikali ya Waingereza ikaja kuichukua, kisha barabara zikatengenezwa, magari yakaingia, na ilipofika miaka ya 1920 haikuwa na kazi tena ya kubeba abiria. Ndugu zetu wa Mombasa nao walikuwa na reli za barabarani tangu miaka ya 1890. Vitoroli vilipita juu yake, bwana mkubwa amekaa kwenye kiti chini ya kivuli, na Waafrika wakimsukuma kwa mikono na jasho.

Sikuyaleta haya kwa ajili ya somo la historia. Nimeyaleta kwa sababu yanatupa swali la kuuliza kila tunapoletewa picha nzuri: inajengwa kwa ajili ya nani? Na aliyejengewa akishaondoka, nani anabaki na vyuma?

Sasa tuje kwenye hesabu. Mfano ulio karibu yetu ni Addis Ababa. Walizindua treni yao ya mjini Septemba 2015, kilomita 34, kwa dola milioni 475, na sehemu kubwa kabisa ya pesa hizo ni mkopo wa benki ya Exim ya China. Walikuwa na treni 41. Hazikupita hata miaka kumi, nyingi zikawa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri, na zile zilizobaki njiani zikawa chache kuliko zilizolala. Mkopo lakini haukuegeshwa. Deni halina ubovu wa vipuri.

Gawanya milioni 475 kwa kilomita 34, unapata karibu dola milioni 14 kwa kilomita moja. Na hiyo ni bei ya miaka kumi iliyopita. Kutoka Darajani mpaka uwanja wa ndege ni kilomita saba hivi. Saba mara kumi na nne ni tisini na nane. Dola milioni 98, kwa bei ya zamani, ili mtu atoke Darajani afike uwanja wa ndege.

Meli ya MV Mapinduzi II ilifika mwaka 2015 kutoka Korea Kusini. Ilinunuliwa kwa takriban dola milioni 30, na ina uwezo wa kubeba abiria 1,200. Kwa hiyo njia moja tu ya tramu ya mjini ni sawa na meli tatu kama ile. Sasa mwambie mtu wa Mkoani, ambaye anajua maana ya kulala bandarini na mzigo wake, achague.

Na sisi watu wa Pemba kuhusu meli hatuzungumzi kwa nadharia. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama Nungwi ikiwa njiani kuja kwetu, imejaza watu kupita kiasi. Hakuna kijiji hapa ambacho hakina jina la kutaja. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Boti zimeongezeka tangu wakati ule, alhamdulillahi, na hali si ile. Lakini bahari bado ndiyo barabara kuu ya Zanzibar, na barabara kuu ndiyo hutengenezwa mwanzo.

Turudi nchi kavu. Sensa ya mwaka 2022 imehesabu Wazanzibari 1,889,773. Kati yao, 543,441 wako Pemba, mikoa miwili. Zaidi ya robo ya nchi. Sasa nitajie mpango wa usafiri wa umma wa hawa watu nusu milioni. Tuna 606 ya Chake na Wete, tuna 603 ya Mkoani, tuna magari ya Konde, yote ya watu binafsi, yanaondoka yakijaa na yanalala jua likizama. Hilo si kosa la dereva. Yeye anatafuta hesabu ya tajiri na mafuta ya kesho. Lakini mama mjamzito wa Micheweni akishikwa na uchungu saa nne usiku, na anatakiwa afike hospitali ya Chake au ya Mkoani, yeye hana ratiba ya kuangalia. Ana simu ya jirani mwenye gari, na Mungu. Mwanafunzi wa skuli akichelewa masomo ya ziada jioni anatembea kwa miguu, na kama ni mtoto wa kike wazee wanamwambia bora aache hayo masomo. Usafiri kwetu unaamua nani asome na nani azae salama. Hapo ndipo pesa ya umma inapoitwa.

Haya, kuna suala la umeme, na hili nashangaa watu wanalipita kama hawakuwepo. Tramu ni ya umeme. Umeme wa Unguja unatoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu kwa sababu waya huo ulikufa. Mwaka 2008 tayari walishakaa kiza karibu mwezi mzima. Pemba nasi tulipata waya wetu kutoka upande wa Tanga mwaka 2010, kwa msaada wa Norway, na Unguja wakapata mpya na mkubwa zaidi mwaka 2013. Ni hatua, hatukatai. Lakini gari la dizeli umeme ukikatika linaendelea. Tramu umeme ukikatika inakaa pale pale katikati ya barabara, na nyuma yake foleni inakaa pamoja nayo.

Najua kuna wasomi wenzangu watakaonitajia Mauritius. Na ni mfano wa haki, nakubali. Kisiwa kama sisi, watu milioni moja na kidogo, walianza na treni yao ya Metro Express mwishoni mwa 2019, na mwaka 2022 ikafika Curepipe. Inafanya kazi. Morocco nao, Rabat na Casablanca, tramu zao zinabeba watu wengi kila siku. Kwa hiyo sisemi kwamba tramu ni uchawi au kwamba Mwafrika hawezi.

Ila angalieni walivyofanya. Mauritius ilipata msaada mkubwa kutoka India, na kiasi kilitangazwa: dola milioni 275 kwa ajili ya mradi ule. Bunge lao lilijadili, magazeti yao yalichambua, upinzani wao ulipiga kelele mpaka ukachoka. Njia yao inaunganisha miji kadhaa iliyofuatana kutoka Port Louis kupanda juu. Na uchumi wao kwa kila mtu ni mara nyingi wa kwetu. Casablanca ina watu zaidi ya milioni tatu. Mkoa wetu mzima wa Mjini Magharibi haujafika watu laki tisa. Tukichukua picha ya mwisho ya wenzetu bila njia waliyopita, tutaishia kama Addis.

Au tusiende mbali, tuvuke tu bahari. Dar es Salaam walianza mwendokasi Mei 2016, kilomita 21 za awamu ya kwanza. Yale ni mabasi tu, si reli. Na bado karakana ya Jangwani inafurika maji, abiria wanasubiri mpaka wanakata tamaa, na njia ya Mbagala ilikamilika ikakaa muda mrefu bila mabasi ya kupita juu yake. Kama kuendesha mabasi kumekuwa mtihani kiasi hicho kwa jiji la mamilioni, sisi tunakimbilia reli kwa ujasiri gani?

Sasa niseme kama mwanafunzi wa sheria, maana hapa ndipo panaponiuma zaidi.

Mradi wa aina hii hauji kama zawadi. Unakuja kwa moja ya njia mbili. Njia ya kwanza ni mkopo wa nje. Someni Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano: mikopo ya nje ni jambo la Muungano. Maana yake Zanzibar haiwezi kwenda yenyewe kukopa nje, inapita Dodoma. Atakayetumia reli ni Mzanzibari, deni litakuwa la Mzanzibari, lakini mezani anayekaa na mkopeshaji ni mwingine. Tunapodai mamlaka kamili wengine wanadhani tunazungumzia bendera na wimbo. Mambo yenyewe ni haya.

Njia ya pili ni mwekezaji binafsi kwa ubia na serikali. Hapa kuna kifungu ambacho vijana lazima mkijue, kwa sababu hakitokei kwenye picha za WhatsApp. Mikataba ya namna hii mara nyingi huwa na dhamana ya mapato. Mwekezaji anaahidiwa idadi fulani ya abiria, na wasipofika, serikali inamlipa tofauti. Yaani wewe wa Kojani ambaye hujawahi kupanda hiyo tramu unalipia kiti kilichokaa kitupu Kiembesamaki. Na mkigombana, kesi mara nyingi inasikilizwa kwa usuluhishi nchi za nje, kwa mawakili wa bei ambayo hata kuitaja ni tabu.

Je, tutaweza kuuona mkataba huo? Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, inazungumzia uhuru wa maoni pamoja na haki ya kupewa habari. Katiba ya Muungano nayo, ibara ya 18, inasema raia ana haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu ya jamii. Lakini Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatumika Tanzania Bara tu. Kwa hiyo Mzanzibari anayo haki kwenye karatasi ya juu, na akienda ofisini kuidai hana sheria hiyo ya kushika mkononi.

Basi sisi vijana tudai mambo haya, na tuyadai kabla hakijachimbwa hata kishimo kimoja.

Moja, upembuzi yakinifu uwekwe hadharani, kwa Kiswahili, wenye idadi ya abiria na nauli.

Mbili, mkataba wowote wa reli ya mjini upelekwe Baraza la Wawakilishi kabla ya kutiwa saini, pamoja na kifungu cha nani anabeba hasara.

Tatu, madereva, utingo na wenye magari washirikishwe tangu mwanzo. Msiwaite wahuni leo na kesho mkawaondoa barabarani bila fidia wala kazi.

Nne, foleni ya mjini ni kweli ipo, hasa Darajani na Mwanakwerekwe. Ianze kutatuliwa kwa mabasi yenye ratiba na njia yake. Basi likikosea njia unalihamisha wiki ijayo. Reli ikikosea unaing'oa, kama walivyoing'oa ya Chukwani.

Tano, uandikwe mpango mmoja wa usafiri wa Zanzibar nzima: bahari, Unguja na Pemba. Ndani yake kuwe na gari la usiku la wagonjwa na gari la wanafunzi kwa kila wilaya ya Pemba. Baada ya hapo, tramu ikibaki kuwa na hoja, tutakaa tuizungumze.

Chama chetu kinasema Taifa la wote, maslahi ya wote. Kama tunayaamini maneno hayo hatuwezi kushangilia kilomita saba za mjini wakati robo ya nchi haina gari baada ya magharibi. Kwa hiyo ukiletewa ile picha tena, usiisambaze tu. Muulize aliyekutumia: mkataba uko wapi, deni la nani, na Micheweni inapata nini? Halafu mpelekee mwakilishi wako maswali hayo hayo kwa maandishi, weka tarehe, na ubaki na nakala.